Kuhesabu Matone kwa Kilatini

Mwezi uliopita niliacha kazi kwa sababu macho yangu hayaoni tena tone likidondoka. Vijana wa kituo chetu cha afya hapa Walikale walinipikia wali na samaki, wakaniomba niseme maneno machache. Nilisimama, nikashukuru kwa ajili ya samaki, nikakaa. Baadaye niliwaahidi kwamba ningeandika. Haya ndiyo niliyoandika, na mtanivumilia nikianzia mbali na dawa.

Kila mmoja wenu amewahi kuniona nikitazama chupa ya seramu, ile ya maji ya dawa yanayoingia mshipani tone kwa tone, huku midomo yangu ikicheza. Kila mwaka mwuguzi mpya hudhani kwamba nasali, na mwaka mmoja kijana alivua kofia. Sikuwa nasali. Nilikuwa nasoma rosa. Hata jina mnaloniita, Mama Roza, si la ubatizo. Mimi ni Rejina.

Nilisoma Kilatini miaka miwili na miezi michache, kwenye lise, shule ya sekondari ya masista katika milima ya Masisi. Mwalimu wetu alikuwa Maître Bahati, mtu mwembamba mwenye koti moja, aliyeamini kwamba Kilatini hakiingii katika mwili uliokaa. Nyuma ya darasa kulikuwa na shamba la mihogo la masista. Alitupanga kwenye mistari, kila msichana na jembe lake, tukalima huku tukisoma: pigo moja, neno moja. Rosa, jembe chini. Rosa, jembe chini. Rosam, jembe chini. Maneno ni kumi na mawili, rosa ileile ikibadilika mwisho wake, na yakiisha unapiga hatua na kuanza tena. Aliyekimbilia mbele ya wenzake alirudishwa mwanzo wa mstari, kwenye udongo ambao ulikuwa umeshalimwa, akaulima upya. Masista walivuna mihogo mingi miaka ile. Sina hakika kama walijua wanadaiwa shukrani na nani.

Msichana mmoja aliuliza rosa ni kitu gani. Maître alifikiri kidogo, akatupeleka kanisani, akatuonyesha maua ya plastiki yaliyokuwa miguuni pa sanamu ya Bikira Maria. Alisema ni kitu cha namna hiyo, lakini kinanyauka. Tukaridhika.

Kitabu chetu kilikuwa kimoja kwa wasichana wanne. Waroma wa mle walikuwa na kazi tatu: kulima, kusafiri baharini na kupigana. Baba yangu, mkulima wa maharagwe na mihogo kama kila mtu kwetu, alikuwa akiwaambia watu sokoni kwamba binti yake anasema lugha ya Papa wa Roma. Nilipokuja nyumbani likizo aliniamuru nizungumze mbele ya majirani. Nilisema sentensi ya ukurasa wa sita, kisha nikaitafsiri: baharia anampa waridi binti wa mkulima.

Baba alingoja. Kisha akauliza, "Na baba yake anasema nini?"

Nilimwambia kitabu hakikuandika.

"Basi hiyo buku haiyaisha," alisema, na majirani wakakubaliana naye.

Ukurasa wa thelathini ulikuwa na sentensi nyingine: askari wanaharibu mashamba ya wakulima. Niliitafsiri bila kosa, nikapata nane juu ya kumi, mbili zikikatwa kwa sababu ya mwandiko. Wiki hiyohiyo vita vilifika kwetu. Baba na mama waliuawa siku moja, katika shamba la maharagwe, wakati wa kuvuna. Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo. Walioiona wanaijua, na wasioiona hawatajifunza kitu cha kazi kutoka kwayo.

Nilikuwa mkubwa wa wanne. Baada yangu walikuwa wasichana wawili, na wa mwisho alikuwa mvulana, Espoir, wa miaka tisa. Nilirudi lise mara moja tu, kuchukua blanketi langu. Maître Bahati alinisindikiza mpaka barabarani. Alinipa kile kitabu, mali ya wasichana wanne, akasema wale wengine watatu atawaeleza mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyomaliza shule.

Kituo cha afya kilichotupokea kilikuwa upande wa pili wa bonde. Mkubwa wake alikuwa Papa Kasereka, mwuguzi Mnande aliyetoka Butembo na kukaa Masisi muda mrefu kiasi cha kusahau njia ya kurudi. Alihitaji mtu wa kuosha sakafu na kuchemsha sindano. Aliniuliza nimesoma nini. Nilijibu kwamba nimesoma Kilatini.

"Kilatini inaponyesha ugonjwa gani?"

Nilisema sijui.

"Siye pia dawa mingi hatujui inaponyesha nini. Kamata ndoo."

Siku yangu ya kwanza niliosha damu asubuhi mpaka saa sita, nikatapika mara mbili, nikaosha na hayo. Hakuna aliyenihurumia wala kunicheka, na mpaka leo naona hiyo ndiyo njia nzuri ya kumpokea mgeni kazini. Ndani ya miezi sita nilikuwa nafunga vidonda. Kabla ya mwaka kuisha, Papa Kasereka aliniweka mbele ya chupa ya seramu na kuniambia kazi yote iko kwenye kigurudumu kile kidogo cha mpira. Ukikikaza, mgonjwa anakauka. Ukikilegeza, unamzamisha. Kinini ilikuwa mbaya kuliko zote. Kwa mtoto mwenye malaria kali inatakiwa iingie polepole, kwa saa nne nzima. Ikiingia mbio, sukari ya damu inashuka, moyo unachoka, na masikio nayo yamo hatarini.

Tulikuwa na saa mbili: moja ya ukutani, na nyingine mkononi mwa Papa Kasereka. Siku moja alinikuta natazama matone bila kutazama saa. Akaniuliza napima na nini. Nikamwambia nasoma rosa, kwa mwendo wa jembe la Maître Bahati. Alidhani namtania. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatazama saa yake, akaniamuru nianze. Neno la kumi na mbili liliishia kwenye robo ya dakika. Alinirudisha mara tatu, na mara tatu ikawa robo ya dakika.

"Ule mwalimu wako," alisema, "alifundisha saa, yeye alizani anafundisha luga."

Tangu siku hiyo aliniita Roza.

Muda mfupi baadaye walikuja watu wenye bunduki. Sitasema wa upande gani. Walichukua magodoro, pombe ya kuoshea vidonda, saa ya ukutani na saa ya Papa Kasereka, ambayo mwenyewe alisema ilikuwa ikichelewa dakika kumi kwa siku na kwamba anawatakia safari njema. Wakatuachia chupa za seramu kwa sababu hawakujua matumizi yake. Kwa hiyo tulikuwa na dawa lakini hatukuwa na saa.

Ndipo Kilatini kilipopanda cheo. Papa Kasereka alinipa kazi ya kuwafundisha wote rosa, yeye mwenyewe, mkunga, na mzee wa kuchota maji. Tuliazima majembe, tukalima nyuma ya kituo mpaka mwendo ukawaingia. Asubuhi ungesikia rosarum inatoka chumba cha wazazi na rosis inatoka kwa wenye kuhara. Wagonjwa walidhani ni sala, na wengi waliitikia amina kwenye neno la kumi na mbili. Mama mmoja wa kanisa la Kiprotestanti alikataa kabisa kuombewa kwa njia ya Kikatoliki. Nikamweleza kwamba ni ua tu. Akataka kujua kwa nini nalisomea ua mbele ya tumbo lake. Mwishoni tulikubaliana nisome kimya, na hivyo ndivyo midomo yangu ilivyozoea kucheza bila sauti.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kwa mtoto wa kimo cha Espoir, matone manne kwa rosa moja. Yakiwa matatu, legeza kidogo. Yakiwa matano, kaza. Nimeandika hivyo kwa sababu yanayofuata hayaeleweki bila hesabu hiyo.

Espoir alishikwa na homa siku ya Jumapili. Jumanne asubuhi alianza kukakamaa na kusema maneno yasiyo na maana, na nilipomwita alinitazama kama mtu anayetazama ukuta. Nilimbeba mgongoni mpaka kituoni, wasichana wakinifuata. Papa Kasereka alimchoma kidole, akatazama macho yake, akatundika kinini. Kivuli cha paa kilikuwa bado kipana mlangoni. Alinionyesha kwa kidole mahali ambapo kivuli kingekuwa chupa itakapoisha: upande wa pili wa ngazi, baada ya jua kugeuka. Aliweka matone kwa mkono wake. Nikasoma rosa, yakawa manne.

Hapo risasi zikaanza kwenye mlima wa mbele yetu.

Mwanzoni zilikuwa mbali. Kisha walileta majeruhi wawili, na Papa Kasereka akaenda chumba kingine. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Roza, weye na chupa. Usitoke paka nirudi." Wadogo zangu wawili waliingia chini ya kitanda. Bomu moja lilianguka kwenye mihogo nyuma ya kituo, vumbi la ukuta likamwangukia Espoir usoni. Nilimfuta. Nikasoma rosa, nikahesabu matone mawili.

Nilijua nilichofundishwa. Mawili ni machache, mtoto anakosa dawa. Nililegeza kigurudumu mpaka yakawa manne. Baada ya muda nikahesabu tena, yakawa matatu. Nikalegeza. Mikono yangu haikutetemeka, na nilijisifu moyoni kwa hilo. Nilidhani nimekuwa mwuguzi wa kweli, anayefanya kazi yake huku nyumba inatikisika. Nilihesabu kwa uangalifu mkubwa, kila mara nikafika kwenye neno la kumi na mbili bila kuruka hata moja.

Papa Kasereka aliporudi, shati lake lilikuwa jekundu mpaka viwikoni. Alitazama chupa. Ilikuwa tupu. Akatazama mlangoni. Kivuli kilikuwa bado upande wetu wa ngazi.

"Nani alifungula hii?"

"Mimi."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu kila mara, Papa. Manne kwa rosa."

"Soma nisikie."

Nikasoma. Risasi zilikuwa zikiendelea. Alisikiliza, kichwa chake kimeinama, na kabla sijafika katikati aliinua mkono.

"Hiyo haiko rosa, mwanangu. Hiyo iko muntu anakimbia."

Hakunipiga wala hakunitukana. Alimshika Espoir mkono, mapigo yakawa membamba kama uzi. Alitia sukari chini ya ulimi wake kwa kidole, akachanganya nyingine kwenye maji, akanituma niite mkunga. Tulikaa naye mchana ule na siku mbili zilizofuata. Nilimpa sukari kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, na sikuyahesabu.

Siku ya tatu alifungua macho. Alimtazama kila mmoja wetu, akaniona, akasema kwa sauti kubwa mno, "Yaya, vita imeisha?" Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

Wakati huo huo bunduki zilikuwa zinalia kwenye mlima ule ule. Mdogo wangu mmoja alikuwa ameziba masikio yake. Nilimwambia Espoir bado. Alinitazama mdomo, kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile, kwa nini sote tunasema chini chini.

Hayakurudi, masikio yale. Papa Kasereka alinieleza nje, penye mihogo iliyochimbuka. Alisema kwamba homa ile ikipanda kichwani nayo inachukua masikio, bila msaada wa mtu. Alisema kinini inaweza kuyachukua hata ikienda polepole. "Hakuna muntu ataweza kusema iko nini. Hata minganga ya Kinshasa. Usibebe kitu hauna hakika nayo." Nilimjibu ndiyo, Papa. Nikakibeba.

Wiki iliyofuata alikuja na kamba na jiwe. Alisema aliwahi kuona jambo hilo shuleni Butembo na akalidharau. Alipima kamba kutoka bega langu la kushoto mpaka ncha ya vidole vya mkono wa kulia, akafunga jiwe, akalitundika kwenye boriti na kulisukuma. Kwenda sekunde moja, kurudi sekunde moja. Dereva wa lori la mfanyabiashara wa Beni alikuwa na saa. Tulilinganisha, na tofauti ilikuwa ndogo sana.

"Jiwe haiogope," Papa Kasereka alisema. "Haina masikio."

Espoir alikuwa amekaa palepale, akitazama jiwe linavyokwenda na kurudi.

Vijana, hii ndiyo sababu kuna jiwe kwenye boriti ya chumba cha watoto. Mmeuliza mara nyingi, nami nimejibu kwamba ni la akiba saa ikiharibika. Ni kweli pia. Lakini likumbukeni hata mkiwa na saa nzuri: mtu anayeogopa hajui kwamba anakimbia. Anajiona anakwenda sawasawa.

Tulihama Masisi kwa miguu wakati kituo kilipochomwa. Tuliingia msituni, tukafuata njia ya magharibi, Papa Kasereka akiwa na sanduku la dawa, mimi na jiwe mfukoni na kitabu cha Kilatini kiunoni. Wasichana walikua, mmoja akaolewa Shasha, kando ya ziwa, anauza samaki, mwingine yuko hapa hapa. Papa Kasereka alifia Walikale, kitandani, kwa ugonjwa wa kawaida. Kwa miaka ile hilo lilikuwa jambo la kushangaza, na alilifurahia. Hakumwambia mtu yeyote habari ya chupa ile.

Espoir hakupata shule. Hakukuwa na mwalimu wa kumfundisha asiyesikia. Nilimfundisha mwenyewe kusoma, na kitabu nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja, kwa hiyo alijifunza herufi kwa baharia na mkulima. Alisoma rosa kwenye midomo yangu kabla ya kusoma jina lake. Akawa seremala. Vitanda vya kituo chetu ni kazi ya mikono yake, na majeneza mengi ya mji huu pia. Husema kwamba vitanda vina ubishi zaidi, kwa kuwa mteja anarudi.

Jiwe linataka watu wawili, mmoja wa kulitazama na mwingine wa kutazama matone. Vita vilipotufuata mpaka Walikale, Espoir alikuwa kijana mkubwa, na mara nyingi yeye ndiye aliyetazama jiwe. Kulikuwa na asubuhi moja ambapo sote tulilala sakafuni, na yeye peke yake alikuwa amesimama, mkono mmoja hewani, akiinua kidole kila robo ya dakika. Chupa tatu zilikwenda sawasawa asubuhi hiyo. Baadaye watu walimsifu kwamba hana woga hata kidogo. Alicheka sana. Mimi nilikwenda kuosha vyombo.

Sikuwahi kumwambia. Miaka yote hii ninyi mmenisikia nikiwaambia wanafunzi kwamba kosa la kazini husemwa siku hiyo hiyo, kwa sauti, mbele ya anayehusika. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nasema kitu ambacho mimi sikukitenda.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapa sikuwapa ninyi karatasi kwanza. Nilimpelekea Espoir kwenye karakana yake, nikakaa kwenye ubao akisoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama nilivyomfundisha. Mahali pa ngazi na kivuli alirudi nyuma akasoma tena. Kisha alikunja karatasi, akazitia mfukoni, akashika msumeno, akapasua mbao mpaka jua lilipoinama. Hakunitazama mdomo, kwa hiyo hata kama ningesema kitu kisingefika. Nilirudi nyumbani.

Siku mbili hakuja kula. Siku ya tatu alikuja asubuhi, akiwa na jiwe la kituo mkononi. Alilitundika kwenye mlango wangu, akapima kamba kwa bega na mkono, akavuta kiti, akakaa akinitazama usoni.

"Yaya, soma," alisema kwa ile sauti yake kubwa.

Nilijua alichotaka nisome. Alisukuma jiwe. Nilisoma yote kumi na mawili, polepole kadiri nilivyoweza, nikikumbuka jembe, nikikumbuka mgongo wa msichana wa mbele yangu kwenye mstari. Nje kulikuwa kimya, watu wanakwenda sokoni. Yeye alitazama midomo yangu na jiwe, midomo na jiwe. Nilipofika kwenye neno la mwisho alizuia jiwe kwa kiganja.

"Bado unakimbia," alisema.

Akalisukuma tena, akangoja. Nikarudi mwanzo wa mstari.